Mama, huyo beberu msimchinje kwanza

Mama, shikamoo.

Mimi huku Birmingham sijambo, na mguu nao haujambo. Ngazi sasa napanda bila kushika ukuta. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na nyuma yako nikamsikia mjomba akitaja beberu. Ndiyo, damu waliyopima kutafuta saratani imerudi safi. Lakini beberu msimchinje kwanza.

Uliuliza damu yote hiyo wanaipeleka wapi. Ni vichupa viwili tu, mililita 10 kila kimoja. Nesi akishachota hatikisi. Anakigeuza kichupa juu chini taratibu, mara nane, tisa, kumi, midomo ikihesabu kimyakimya. Seli za damu zikipasuka, vinasaba vyake vinamwagika na kufunika kile kidogo wanachokitafuta.

Chenyewe ni hiki. Sarkoma yangu, yaani saratani ya nyama laini za mwili, aina waiitayo ya sinovia, huanza pale kromosomu mbili (nyuzi zinazobeba vinasaba), X na ya 18, zinapokatika na kuungana kimakosa. Wewe fundi cherehani utanielewa: nusu kanga, nusu kitenge, mshono mmoja. Kwenye nyama nzima mshono huo hauko, uko kwenye saratani tu. Seli za saratani zikifa, vipande vyake huingia kwenye damu, na havikai: ndani ya saa mbili tatu nusu yake vimeshapotea. Kwa hiyo mshono ukionekana leo ni wa leo, si masalia ya uvimbe walioutoa pajani mwaka jana.

Usipoonekana, hapo ndipo pagumu. Uvimbe ukiwa mdogo, au ukiwa hauachii vipande vya kutosha, damu huonekana safi na ugonjwa upo. Daktari kanieleza waziwazi kwamba kwa sarkoma kipimo hiki bado kiko kwenye utafiti, na mapafu, ambako sarkoma hupenda kukimbilia, yeye bado anayakagua kwa picha ya CT. Nilinuna, mama. Nilitaka anipongeze. Halafu nikakumbuka kliniki ile ya kwanza iliyoniambia ni msuli, ikanipa dawa ya kuchua. Miezi mitano nikawa nachua uvimbe. Afadhali huyu anayeninyima raha.

CT ni mwezi ujao. Majibu yakitoka nitapiga hata kama huko Tanga ni usiku wa manane, usizime simu. Beberu afungwe penye majani mazuri, na mjomba aache kualika watu.

Mwanao