Saa zako au fedha zako? Wito wa harambee kwa wagonjwa walio majumbani

Ndugu, majirani na marafiki,

Kadi iliyoambatana na barua hii ina mistari miwili ya kujaza. Wa kwanza unauliza utachangia kiasi gani. Wa pili unauliza utatoa saa ngapi kwa wiki, na siku ipi. Kamati ilibishana jioni nzima juu ya mstari huo wa pili. Wengine walihofu kwamba watu wataandika saa ili wakwepe fedha. Wengine wakahofu kwamba wenye nazo wataandika fedha ili wasikae na mgonjwa hata siku moja. Mimi ndiye mhazini, kwa hiyo nilitarajiwa kusimama upande wa fedha. Nikasimama, hadi mtu akataja lile godoro.

Kwa msiotujua: kikundi chetu huwatembelea majumbani wagonjwa wasioweza kutoka kitandani, wa kiharusi, wa saratani iliyofika mbali, na wazee ambao miguu imegoma. Mfadhili mmoja alitununulia godoro la upepo, lile lenye pampu inayojaza na kupunguza hewa kwa zamu ili mwili usigandamizwe mahali pamoja. Tulilipokea kwa vigelegele. Tukamtandikia mzee mmoja, tukapiga picha, tukaondoka. Wiki tatu baadaye mzee alikuwa na kidonda kwenye nyonga. Plagi ya pampu ilikuwa imechomolewa ili simu ichajiwe, na hakuna aliyekuwa akimgeuza, kwa sababu sote, sisi wanakikundi tukiwa wa kwanza, tuliamini godoro linafanya kazi hiyo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa karibu kila baada ya saa 2. Mchana na usiku, hiyo ni mara 12. Godoro zuri huenda likarefusha muda kati ya zamu na zamu, lakini mikono ya mtu bado inatakiwa.

Hiyo ilikuwa fedha bila watu. Watu bila fedha tumewaonja pia. Methali ya kutoa ni moyo, si utajiri, tumeichapisha kwenye kadi zetu miaka yote, na safari hii niliomba iondolewe. Siikatai, ila moyo haulipi nauli. Tumewahi kutuma wanachama wenye huruma tele nyumbani kwa mgonjwa, wakafika wamechelewa kwa sababu wametembea kwa miguu, wakakuta hakuna shuka la kubadilisha, hakuna glavu, hakuna pampasi za mtu mzima. Walikaa, wakamshika mgonjwa mkono, wakaomba dua, wakaondoka wakimwacha juu ya shuka lilelile lililolowa. Mkono mtupu haulambwi, nasi siku ile tulilijua hilo kwa aibu.

Kuna na suala la maumivu. Mofini ya kunywa ni dawa ya zamani na si ya ghali kuitengeneza, lakini haichukuliwi tu dukani: inahitaji mwenye ruhusa ya kuiandika, mtu wa kufuatilia kipimo, na karibu kila mara dawa ya kulainisha choo iende pamoja nayo, la sivyo mgonjwa anapona maumivu haya na kupata mengine. Mtu wa kujitolea hawezi kufanya hayo hata akiwa mwema kiasi gani. Muuguzi anaweza, naye ana watoto wa kusomesha kama sisi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya fungu tunaloomba ni ya kumlipa muuguzi, na sehemu nyingine ni ya kuwafundisha na kuwasimamia wanaojitolea. Najua wachangiaji hawapendi kusikia hivyo. Kila mtu angependa mchango wake ununue kitu kinachoshikika. Naomba mnivumilie. Kitu kinachoshikika tulikuwa nacho, kikachomolewa plagi.

Wazo la kuchanganya vyote viwili hatukulibuni sisi. Mwaka 1948, katika hospitali moja ya London, mhudumu wa hoteli aitwaye David Tasma, Myahudi kutoka Poland, alikuwa akifa kwa saratani bila ndugu karibu. Aliyekuwa akija kukaa naye ni Cicely Saunders, aliyewahi kuwa muuguzi na wakati huo alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Waliongea sana juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kufia kwa utulivu. Tasma alimwachia pauni 500, ziwe dirisha katika nyumba atakayoijenga. Nyumba yenyewe haikuwapo hata kwenye karatasi. Saunders alijitolea jioni kuwahudumia wanaokufa, akarudi darasani, akahitimu udaktari mwaka 1957, akapita huku na huku akichangisha. Nyumba hiyo ya kuwatunza wanaokufa, St Christopher's Hospice, ilifunguliwa mwaka 1967, na dirisha la Tasma limo. Miaka 19 kati ya fedha na mlango! Nikiwa mhazini napenda kuisimulia habari hii kwa sababu ya mchango wenyewe, uliotoka kwa mtu aliyekuwa hana muda tena wa kutoa, ukamfikia mtu aliyekuwa na muda na hakuwa na fedha.

Na huko Kerala, India, mtandao wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa mahututi, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 ulijengwa juu ya majirani waliofunzwa wanaotoa angalau saa 2 kwa wiki, huku michango midogomidogo ya watu wa kawaida ikilipia dawa na wauguzi. Saa 2 kwa wiki. Ndicho kiwango tulichokiiga kwenye kadi yetu.

Saa hizo mbili zinafanya nini? Wengi hudhani ni za mgonjwa, na kwa sehemu ni kweli. Lakini waulize wanaouguza. Katika kila nyumba tunayoingia kuna mtu mmoja, mara nyingi binti au mke, ambaye hajalala usiku mzima kwa miezi. Ukija Jumatano saa kumi na ukakaa hadi saa kumi na mbili, yeye anaoga bila kutega sikio. Analala. Anakwenda kupanga foleni ya dawa, au anakwenda tu nje kutembea bila kumwambia mtu anakwenda wapi. Mama mmoja alituambia kwamba siku yetu ya zamu ndiyo siku pekee anayokula akiwa amekaa. Kwa hiyo asiyekuja amemnyima chakula chake mtu aliyekuwa akihesabu siku. Ndiyo sababu hatuwataki watu wa siku moja. Walishakuja kundi zima, wamevaa fulana zinazofanana, wakawaliza wagonjwa kwa furaha, wakaahidi kurudi. Bado tunaulizwa habari zao.

Basi ukiwa na kadi mkononi, naomba ujipime bila kujionea haya. Kama kazi yako inakulipa vizuri na inakumeza hadi Jumapili, usijilazimishe kuandika saa utakazozivunja. Andika fedha, na ikiwezekana kiasi kidogo cha kila mwezi, maana mshahara wa muuguzi haungoji harambee ya mwakani. Kama umestaafu, au una alasiri moja iliyo huru kweli, andika siku hiyo, na ujifunge nayo kwa miezi 6. Fundi wa vitanda, dereva mwenye gari lake, mtu anayejua hesabu: saa yenu tutaitumia kwa ufundi wenu. (Mjua hesabu aanze kwangu, daftari limenishinda.) Mwanafunzi asiye na chochote anaweza kumsomea gazeti mzee ambaye macho yamefifia, na hilo tunalihesabu.

Na wewe unayeuguza mtu wako nyumbani sasa hivi, usijaze mstari wowote. Geuza kadi, andika nyuma jina la mgonjwa na saa ambazo unaelemewa zaidi. Tutakuja kwako.

Hatutasoma majina wala viwango hadharani. Hesabu ya mapato na matumizi, pamoja na orodha ya zamu zilizofanyika na zilizokosekana, itabandikwa kila mwisho wa mwezi ili kila aliyetoa, fedha au saa, aione. Kadi irudishwe kwa aliyekupa. Mlioandika saa, msianze kwenda kwa wagonjwa peke yenu; muuguzi atawaita kwanza, awafundishe jinsi ya kumgeuza mtu bila kumvunja mgongo, wake na wenu.