Kabla Hujafagia: Kudai Fidia ya Bima Dhoruba Inapoezua Paa

Asubuhi baada ya dhoruba, simu zinazotufikia hufanana. Mabati matatu yameng'oka, dari imelowa, godoro halifai tena, fundi aje upesi. Tukiuliza kama nyumba ina bima, wengi hunyamaza kidogo kisha wanasema: "Ninayo, lakini nimeshafagia." Tukisikia hivyo tunajua kwamba kuezeka kutakuwa kwepesi kuliko kulipwa.

Sisi ni mafundi wa mapaa. Tunaezeka, tunaziba paa linapovuja, na tunaandika ripoti za uharibifu ambazo wateja huambatanisha na madai yao. Hatuuzi bima, wala hakuna kampuni ya bima inayotulipa. Tumeona madai ya haki kabisa yakikataliwa, na mara nyingi hapakuwa na hila yoyote upande wa kampuni. Ushahidi ulikuwa umekwenda jalalani siku ile ya kwanza.

Jambo ambalo wateja wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni hili: bima ya nyumba hailipi kwa kuwa paa limeharibika. Hulipa kwa kuwa paa limeharibiwa na kitu kilichotajwa ndani ya mkataba. Dhoruba huwa imetajwa, uchakavu huwa umeondolewa. Hivyo ubishi wote, tangu unapopiga simu hadi hela inapoingia, unahusu chanzo.

Nchini Uingereza, ofisi inayosuluhisha migogoro kati ya wateja na makampuni ya fedha huyapima madai ya aina hii kwa maswali matatu. Je, siku hiyo kulikuwa na dhoruba kweli? Je, uharibifu huu ni wa aina ambayo dhoruba huleta? Na je, dhoruba ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu? Jibu la swali moja tu likiwa hapana, dai huwa taabani. Hata kama unaishi mbali na huko, maswali hayo ndiyo atakayokuja nayo kichwani mkadiria hasara, yaani mtu atakayetumwa kwako na kampuni ya bima kukagua uharibifu, kwa hiyo ni busara ukusanye majibu yake mapema.

Tuanze na lile la kwanza. Mikataba mingine inaeleza dhoruba ni nini, mingine imenyamaza. Chama cha makampuni ya bima cha Uingereza kilitoa maelezo yanayotumika sana: upepo wenye mivumo ya ghafla inayofika maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88, au mvua ya milimita 25 au zaidi kwa saa, au mvua ya mawe yenye nguvu ya kuvunja vioo. Mkataba wako unaweza kuwa na kipimo tofauti, au usiwe nacho kabisa. Utafute ukurasa huo leo, mbingu zikiwa zimetulia.

Ukiomba takwimu kutoka mamlaka ya hali ya hewa, angalia umepewa upepo gani. Wastani wa upepo kwa kawaida hupimwa kwa dakika 10, kwenye mlingoti wa mita 10 juu ya ardhi. Mvumo wa ghafla hupimwa kwa sekunde 3. Ripoti inaweza kuonyesha wastani wa kilomita 50 kwa saa, na kampuni ikasema huo si upepo wa kuezua nyumba, ilhali saa hiyohiyo mvumo mmoja ulifika 90. Paa halingojei wastani, linang'olewa na mvumo. Uliza pia kituo kilichopima kiko umbali gani kutoka kwako. Kikiwa mbali, picha za miti iliyoanguka jirani na nyumba zilizoezuliwa mtaani kwenu zitasaidia kuonyesha kilichotokea hapo ulipo.

Swali la pili na la tatu ndipo kazi yetu ilipo, na tungependa uelewe tunatazama nini. Watu wengi hudhani upepo husukuma paa. Kwa sehemu kubwa huwa unalivuta juu. Unapopita kwa kasi juu ya paa, mgandamizo wa hewa juu yake hupungua, na hewa iliyo ndani ya nyumba inasukuma kutoka chini. Dirisha likipasuka au mlango ukifunguka, upepo huingia na msukumo huo wa chini huongezeka ghafla. Nguvu yenyewe haipandi sawa na kasi: kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Mvuto huwa mkali zaidi kwenye pembe, kwenye kingo na kwenye kofia ya paa, pale juu pande mbili zinapokutana. Ndiyo maana paa lililoezuliwa na dhoruba mara nyingi huanzia pembeni, upande upepo ulikotokea, na likaendelea kufunuka kuelekea ndani.

Sasa chukua bati lililong'oka ulitazame kwenye matundu ya misumari. Likiwa limevutwa na upepo, tundu huwa limetanuka au limechanika upande mmoja, na ukingo wa mpasuko unang'aa kwa kuwa ni chuma kipya kilichofunuliwa jana. Likiwa lilikuwa limeoza, utaona kutu imezunguka tundu na bati limemomonyoka lenyewe. Mbao nazo husema. Papi, yaani ubao unaopigiliwa bati, ikivunjika kwa nguvu huacha nyuzi ndefu zenye rangi ya mbao mbichi. Papi iliyokuwa imeliwa na mchwa au unyevu huvunjika kwa vipande vifupi, vyeusi, laini kama mkate uliolowa. Mkadiria hasara mwenye uzoefu huyajua haya yote. Ukimwonyesha bati lenyewe, mnazungumza juu ya kitu kilichopo. Ukimwonyesha paa jipya lililokwisha kuezekwa, atabaki na umri wa nyumba yako tu.

Mteja wetu mmoja alifanya kila kitu ambacho mtu mwangalifu angefanya. Siku ya pili alileta fundi, akaezeka upya, akawapa majirani mabati ya zamani wakajengee banda, akapaka rangi dari. Wiki mbili baadaye akapeleka dai akiwa na risiti zote. Likakataliwa kwa maelezo kwamba hakukuwa na namna ya kujua hali ya paa la awali. Alikuja kwetu tumwandikie ripoti, tukashindwa. Hatuwezi kuandika juu ya paa ambalo hatukuliona, na tulisikitika sana kumwambia hivyo.

Kwa hiyo siku ya kwanza iende hivi. Kwanza usalama: zima umeme kwenye swichi kuu kama maji yameingia darini, usiguse waya ulioanguka, na usikae chini ya dari iliyovimba, kwa sababu maji yaliyojaa juu yake ni mazito na inaweza kushuka yote kwa mkupuo. Kisha piga picha kabla ya kusogeza chochote. Anza na nyumba nzima kutoka pande zote nne, kisha kila chumba, halafu sogea karibu: matundu, mipasuko, alama za maji ukutani, namba na majina ya vyombo vilivyoharibika. Video ya kutembea polepole huku ukitaja chumba unachoingia inafaa sana. Usipande juu ya paa lililolowa, hiyo ni kazi yetu.

Kisha itaarifu kampuni siku hiyohiyo, hata kama hujui hasara ni kiasi gani. Mikataba mingi inataka taarifa itolewe mapema, na taarifa si lazima iwe na hesabu. Omba namba ya dai, andika jina la uliyeongea naye na saa mliyoongea.

Baada ya hapo ziba. Wengine, wakishaambiwa wasiharibu ushahidi, huogopa kugusa lolote na kuiacha nyumba wazi kwa wiki nzima wakimsubiri mkaguzi. Hilo nalo ni kosa. Mwenye bima ana wajibu wa kuzuia hasara isiendelee, na maji yatakayoingia siku ya nne kwa kuwa hukutandika turubai yanaweza kukatwa kwenye malipo yako. Ukungu nao huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye vitu vilivyolowa. Tandika turubai, toa zulia nje, fungua madirisha mvua ikikatika, tunza kila risiti ya kazi hiyo ya dharura kwa sababu kwa kawaida nayo hudaiwa. Mabati, mbao, misumari na vyombo vilivyoharibika virundike pembeni visitupwe mpaka kampuni ikuruhusu kwa maandishi.

Maji yana ugomvi wake. Mvua iliyopitia kwenye tundu lililofunguliwa na upepo huhesabiwa kuwa sehemu ya dhoruba. Maji yaliyopanda kutoka chini na kuingia mlangoni mara nyingi huitwa mafuriko, na mafuriko huweza kuwa na bima yake peke yake. Baada ya kimbunga Katrina kupiga Marekani mwezi Agosti 2005, familia nyingi zilijikuta mahakamani zikibishana na makampuni kama nyumba zao zilibomolewa na upepo au na maji, kwa kuwa bima ya kawaida ya nyumba ililipia upepo na kuacha mafuriko. Ukipiga picha, onyesha maji yaliingilia wapi. Mstari wa tope ukutani unaanzia chini. Michirizi ya mvua inaanzia juu.

Kuhusu hesabu, mambo mawili huwashangaza wateja. Moja ni ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hujilipia kabla kampuni haijaanza kulipa. Kwa vimbunga huko Marekani, sehemu hiyo mara nyingi ni asilimia ya thamani yote ya nyumba iliyokatiwa bima, si ya hasara. Ikiwa ni asilimia 2, na hasara yako ni asilimia 1.5 ya thamani hiyo, hupati kitu. Jingine ni bima pungufu. Tuseme kujenga nyumba yako upya kunagharimu 100 na wewe umeikatia bima ya 60. Paa likiharibika kwa hasara ya 20, kampuni nyingi zitalipa 12, kwa hoja kwamba umekuwa ukilipa ada ya asilimia 60 tu ya nyumba. Bei za vifaa hupanda, watu huongeza vyumba, na hati ya bima inabaki na namba ya miaka kumi iliyopita. Gharama ya kujenga upya si bei ya kuuzia, maana kiwanja hakiezuliwi.

Mkadiria hasara akija, uwepo, na ukiweza fundi wako awepo. Tunapokwenda, tunapanda naye juu. Asipopanda yeye, tunamletea picha na vipande. Msiongeze hata kiti kimoja kwenye orodha. Dai lililotiwa chumvi linaweza kukataliwa lote, pamoja na sehemu iliyokuwa ya kweli, na ripoti yetu hatutaiweka humo.

Malipo yakifika, soma unachotia saini. Mara nyingi utapewa hati inayosema umepokea fidia yote na huna dai jingine. Kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) iliyopinda kidogo au ukuta uliofyonza maji huenda visijionyeshe hadi wiki kadhaa baadaye. Uliza kama malipo ni ya awali au ya mwisho, na kama kuna kiasi kilichozuiwa kwa ajili ya uchakavu ambacho utalipwa ukishaleta risiti za ukarabati. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha mkataba kilichotumika. "Uchakavu" peke yake haitoshi. Waulize ni uchakavu wa nini, umeonekana wapi, kwenye picha ipi. Tumeona barua kama hiyo ikifungua dai upya. Isipofungua, peleka malalamiko rasmi ndani ya kampuni, kisha kwa mdhibiti wa bima au ofisi ya usuluhishi ya nchi yako.

Ukitupigia simu, tutakuomba picha ulizopiga kabla ya kufagia, nakala ya ukurasa wa mkataba unaotaja dhoruba, na picha zozote za zamani zinazoonyesha paa, hata za harusi uani. Ripoti hueleza tulichokiona, chanzo tunachokiamini na sababu zake, ikiwemo sehemu iliyokuwa mbovu kabla ya upepo kama ipo. Misumari usiitupe. Iweke kwenye kopo, tutaanza na hiyo.