Walioko Uingereza wasisubiri miaka 40 kupimwa sukari

Ndugu Mhariri,

Habari za ndugu zetu walioko Uingereza hufika magazetini kwa njia mbili: fedha wanazotuma, na michango ya kusafirisha maiti. Katikati hapo kuna presha na kisukari, na hayo hayaandikwi.

Utafiti wa RODAM, uliochapishwa mwaka 2016, uliwalinganisha Waghana wa kijijini, wa mjini na wale walioko Amsterdam, Berlin na London. Kwa wanaume, kisukari cha aina ya pili kilikuwa asilimia 3.6 kijijini, 10.3 mjini huko huko Ghana, na 15.3 Berlin. Pengo kubwa zaidi ni lile la kijiji na mji. Kwa hiyo anayepanda ndege Dar es Salaam au Mombasa huenda anaondoka na hatari yake mwilini, na kulaumu baridi na piza peke yake hakutoshi.

Kosa linalojirudia ni kusubiri barua. Huko England, NHS, yaani huduma ya afya ya umma, huwaita watu wa miaka 40 hadi 74 kupima afya bure kila baada ya miaka 5, na asiyeitwa hudhani zamu yake bado. Lakini mwongozo wa NICE, chombo kinachowaelekeza madaktari wa huko, unataka Waafrika weusi watathminiwe hatari ya kisukari tangu wakiwa na miaka 25. Mwenye miaka 31 aende kwa GP, yaani daktari wa mtaa aliyejiandikisha kwake, na aombe kwa kutaja hilo. Aeleze pia kama mzazi au ndugu wa tumbo moja ana kisukari, au kama yeye alikipata wakati wa ujauzito. Kujiandikisha kwa GP hakutegemei hali ya uhamiaji wala bili yenye anwani; mtu wa mapokezi akikataa kwa sababu hiyo, amekosea yeye.

Hata mizani ina mstari wake. BMI (kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita mara urefu huo huo) ya 25 na 30 tuliyozoea si ya kwetu huko: kwa Mwafrika, uzito uliozidi huanzia 23 na unene wa hatari 27.5. Mtu wa sentimita 170 anavuka mstari wa kwanza kwenye kilo 67 na wa pili kwenye kilo 80, uzito ambao akija likizo ataambiwa amependeza. Kiuno nacho kisifike nusu ya urefu, yaani kwake kibaki chini ya sentimita 85. Futi ya fundi cherehani inatosha, ipite kati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi.

Kipimo cha damu kinachotumika sana ni HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili au mitatu iliyopita. Jibu la 42 hadi 47 ni onyo, 48 kwenda juu ni kisukari. Mwenye sikoseli hakimfai kabisa, na hata aliyerithi chembe hizo kwa mzazi mmoja tu anaweza kupata jibu la chini kuliko hali yake halisi. Waganga wa huko hawawezi kulijua hilo kwa kumtazama mtu usoni, aseme mwenyewe.

Presha ipimwe nyumbani kwa siku 7, zisipungue 4: asubuhi na jioni, kila mara vipimo viwili vikipishana dakika moja, mtu akiwa amekaa na kutulia. Vya siku ya kwanza vitupwe, vilivyobaki vitafutiwe wastani. Ukifika 135/85 aende kwa daktari. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba za uongo, za juu.

Kwa Mwafrika asiye na kisukari, dawa ya presha ya kuanzia huwa ya kundi la amlodipine, wakati jirani yake Mzungu wa miaka 45 huanza na ramipril. Kuazimana vidonge kazini ni hatari: kundi la ramipril huwavimbisha midomo na koo Waafrika zaidi kuliko wengine. Amlodipine nayo huvimbisha vifundo vya miguu, na hapo ndipo wengi huiacha kimyakimya. Daktari akiambiwa atapunguza dozi au kubadili dawa. Asipoambiwa atadhani inamezwa.

Chakula nitakigusa kidogo. Ugali si adui, tatizo ni ukubwa wa bonge. Kipande cha kiungo cha mchuzi (cube) cha gramu 10 huwa na karibu gramu 5 za chumvi, na kikomo cha mtu mzima huko ni gramu 6 kwa siku. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni gramu 48; kikomo ni 30.

Na anayekuja likizo Desemba aombe dawa za kutosha wiki chache kabla ya safari, azibebe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya boksi lenye jina lake.

Muuguzi wa afya ya jamii,
Birmingham