Rubani wa Giebichenstein na fundi wa Usambara

Mombo,
Tanga.
14 Juni

Mpendwa rafiki yangu Sefu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila baridi ya Lushoto mwaka huu imeteremka mpaka huku bondeni. Mama yako anavaa khanga tatu na bado analalamika.

Uliponipigia ukasema umepata chumba Giebichenstein, hapo Halle, nilishtuka kidogo, nikajiuliza jina hili nimelisikia wapi. Nimelikumbuka jana usiku. Ndipo alipozaliwa Oswald Boelcke, rubani wa kivita wa Ujerumani, tarehe 19 Mei 1891. Unajua ugonjwa wangu wa habari za vita vya kwanza, kwa hiyo vumilia, barua hii yote ni yake.

Baba yake alikuwa mwalimu, na familia ilihamia Dessau Oswald akiwa bado mdogo. Mtoto mwenyewe alisumbuliwa na pumu, lakini alikuwa na moyo mkubwa. Akiwa mwanafunzi tu alimwandikia Kaisari, mfalme wa Ujerumani, barua kwa mkono wake, akiomba nafasi katika shule ya kijeshi. Kaisari akakubali, wazazi wakakataa! Mwaka 1911 akaingia jeshini kweli, kikosi cha simu za upepo na waya huko Koblenz, na Agosti 1914, vita ndiyo kwanza vinawaka, akafuzu urubani.

Mwanzoni ndege zilikuwa za kupeleleza tu. Shida ilikuwa bunduki: ukiiweka mbele ya rubani, risasi zinaikata rafadha yako mwenyewe, yaani pangaboi la ndege. Katikati ya 1915 zikaja ndege za Fokker za bawa moja, zenye mtambo uliounganisha injini na bunduki, hivi kwamba pangaboi likipita mbele ya mtutu, risasi inasubiri. Boelcke alipewa moja akiwa Douai, Ufaransa, pamoja na mwenzake Max Immelmann. Tarehe 12 Januari 1916, kila mmoja akiwa ameshaangusha ndege nane, wote wawili wakavishwa Pour le Mérite, nishani ya juu kabisa. Marubani wa kwanza kuipata.

Lakini mimi kilichonifanya nimpende ni jambo jingine. Agosti 1915, hapo hapo Douai, kijana wa Kifaransa alitumbukia kwenye mfereji. Boelcke akajirusha majini na nguo zake zote, akamtoa. Wazazi wa kijana wakataka adui huyo apewe nishani ya Ufaransa! Haikuwezekana, bila shaka. Akapewa ya uokoaji na Wajerumani wenzake.

Immelmann alipokufa Juni 1916, Kaisari akaogopa kumpoteza na huyu, akamkataza kuruka. Ndipo alipoandika zile kanuni zake nane ambazo marubani walizishika kama tunavyoshika zamu ya maji. Weka jua mgongoni. Piga ukiwa karibu. Usimwache adui akapotea machoni. Akikushukia kutoka juu usikimbie, mgeukie. Na ya mwisho inasema mshambulie kwa makundi, lakini vita vikitawanyika, wawili wasimwandame mmoja. Hiyo ya mwisho itunze kichwani, nitairudia.

Agosti aliruhusiwa kuunda kikosi chake cha ndege za kivita, Jasta 2, akazunguka kutafuta vijana. Huko Kovel, upande wa Urusi, akachagua wawili. Mmoja alikuwa Manfred von Richthofen, yule Baron Mwekundu, huyo hata watoto wa mjini wanamjua. Mwingine hakuwa kijana kabisa: Erwin Böhme, mhandisi wa miaka 37. Sasa kaa vizuri. Böhme alikuwa ametoka kwetu! Kabla ya vita alisimamia ujenzi wa mtambo wa waya wa kushusha magogo ya mitarakwa kutoka milima ya Usambara. Ndiyo ule wa Shume hadi Mkumbara ambao babu alikuwa akituhadithia, magogo yakining'inia juu ya korongo. Tulikuwa tunadhani anatia chumvi.

Böhme na Boelcke walikuwa marafiki wakubwa. Jumamosi tarehe 28 Oktoba 1916, alasiri, walikuwa wamekaa wakianza mchezo wa sataranji, wakaitwa mbele haraka. Wakapaa wakakutana na ndege za Waingereza. Wote wawili wakaiandama ndege moja. (Umeona? Kanuni ya mwisho, na mwandishi wake mwenyewe.) Ghafla ndege nyingine, iliyokuwa ikikimbizwa na Richthofen, ikakatiza njia yao. Wakakwepa kwa pamoja, kila mmoja akafichwa na mabawa yake asimwone mwenzake. Magurudumu ya Böhme yakagusa tu bawa la Boelcke. Ndege ikaanza kushuka taratibu, ikaingia mawinguni, bawa la juu likang'oka. Hakuvaa kofia ngumu, na mkanda haukuwa umefungwa sawasawa. Alikuwa na miaka 25, na ndege 40 alizoangusha.

Waingereza walirusha shada la maua kutoka angani, wameandika kwamba alikuwa adui shujaa na muungwana. Mwaka huo huo wanaume wa hapa kwetu walikuwa wakibebeshwa mizigo ya majeshi yote mawili, na waliokufa njiani hawakupata hata kijiti kaburini. Nalisema tu, sina ugomvi na Boelcke.

Böhme alieleza yote kwa barua kwa msichana aliyekuja kuwa mchumba wake, siku chache baadaye. Naye alianguka Novemba 1917, akiongoza kikosi kile kile.

Boelcke amezikwa Dessau, si mbali na hapo ulipo kwa treni. Ukipata Jumapili moja nenda, unipigie picha. Mimi nitakwenda Mkumbara kumtafuta mzee yeyote anayejua nguzo za ule waya zilisimama wapi. Na mama anauliza lile koti ulilomwahidi.

Wako,
Mbaruku