Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kusoma Mikataba na Kungoja Upepo

Wanachama wenzangu, hamjambo wote, wa Marsabit, wa Kajiado, wa Mombasa, na nyinyi wa Nairobi ambao najua mtasoma hii mkiwa kwenye jam ya Mombasa Road. Katiba yetu inasema mwenyekiti atoe taarifa kabla ya mkutano mkuu, basi ndiyo hii, nimeiandika vile naongea, katibu alitaka kuinyoosha nikamwambia aiache tu. Hesabu za pesa atasoma mhazini mwenyewe, mimi siingilii, ila ada ya mwaka bado wengi hamjatoa na cha ajabu ni wale wale wenye kelele nyingi kwa grupu ya WhatsApp.

Kazi kubwa mwaka huu ilikuwa kutafuta wabia wa nje. Mnajua hali yetu, sisi tunaohudumia miradi ya stima ya upepo ni watu wa malori na kreni, mafundi wa stima, vijana wa kamba wanaoning'inia juu kurekebisha mapanga, yaani yale mabawa marefu ya mitambo ya upepo, mama zetu wa kambi na chakula, na miaka yote kazi inatufikia ikiwa imeshapita mikono mitatu minne, kampuni ya nje inampa kontrakta mkubwa, yeye anampa mdogo wake, mdogo anampa broka, na huyo broka ndiye anakupigia saa 3 usiku eti kesho uwe Laisamis na trela. Ikifika hapo hata ukifanya bei ya hasara unasema asante. Kamati ikaona afadhali twende tuongee na wenye kazi moja kwa moja.

Ndiyo maana tukatuma wajumbe Hamburg, Ujerumani, kwa yale maonyesho ya upepo yanayofanywa kila baada ya miaka 2. Visa ilitusumbua sana na mmoja wetu alibaki hapa na tiketi mkononi, hiyo tuache. Waliofika wamerudi na habari moja ya maana, wale watu hawakuulizii upepo wetu hata kidogo, upepo wanaujua kuliko sisi. Wanaulizia vyeti vya usalama vya GWO vya mafundi (GWO ni shirika la kimataifa la mafunzo ya usalama kwa kazi za upepo), bima, hesabu zilizokaguliwa, na nani atajibu kitu kikiharibika. Vyeti vya GWO vinaisha baada ya miezi 24, na tulipopekua mafaili ya mafundi wetu tukakuta vingi vimelala. Hilo tumeanza kulirekebisha, nitarudi hapo.

Sasa niwaambie kuhusu ile rasimu, kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Kampuni moja ya Denmark ilituletea rasimu ya mkataba wa kurekebisha mapanga kule kaskazini. Ulikuwa na kifungu kinasema kazi ni saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni, upepo ukizidi kiwango hakuna mtu kupanda, na saa zinazopotea ni hasara ya mtoa huduma. Mtoa huduma ndiye sisi. Ukisoma haraka ni sawa kabisa, nani anataka kijana wake aning'inie kwa kamba upepo ukipiga? Lakini mwenzetu mmoja mzaliwa wa Loiyangalani akacheka, akauliza hii imeandikwa wapi. Kule kati ya Mlima Kulal na Nyiru upepo unakuja na nguvu zake usiku na asubuhi, unatulia kidogo mchana, kwa hiyo ukifuata huo mkataba vijana wanakaa ndani ya pikapu tangu asubuhi wanatazama kipima upepo, unawalisha, unawalipa, na upepo ukishuka ndiyo jua limewaka na resini, ile gundi ya kuziba mapanga, inaganda kwa ndoo kabla hujaipaka. Fundi wa kule anachanganya kidogo kidogo na anaibeba kwa kulabox na barafu kama mtu wa samaki. Hayo yote mtu aliyezoea kutengeneza mapanga kwa baridi ya Jutland huko Denmark atayajulia wapi?

Tukakaa nao kwa simu za video, wakasikiliza, na niseme ukweli walikuwa waungwana kuliko nilivyotarajia. Shifti sasa itaanza kulingana na kipima upepo, na saa za kusubiri zitalipwa nusu. Kuna mwanachama amelalamika kwamba nusu ni kidogo. Ndugu yangu, mwanzoni ilikuwa sufuri.

Mimi naona biashara yote ya upepo inazunguka hapo, nani analipia kusubiri. Angalieni mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365 ya Vestas ya Denmark, megawati 310, ule mradi uliunganisha mpaka mifuko ya uwekezaji ya Norway, Finland na Denmark. Mtambo wa mwisho ulisimikwa Machi 2017 lakini laini ya kupeleka stima Suswa, kilomita zaidi ya 400, ilikuwa bado, kontrakta wake Isolux wa Uhispania akafilisika njiani, ikabidi Wachina wamalizie, na stima ikaanza kupita mwezi wa Septemba 2018. Muda wote huo mitambo imekaa tu, na kwa sababu mkataba ulikuwa umeandika nani anabeba ucheleweshaji, fidia ya mabilioni ililipwa na upande wa Kenya, yaani mimi na wewe. Google nao walikuwa wamekubali kununua hisa, 2020 wakajitoa kwa sababu ya huko kuchelewa. Watu wanapenda kusema wazungu wametuonea, mimi nasema walisoma karatasi kabla ya kusaini, na sisi tuzisome.

Mradi wa upepo wa Kinangop ni kusubiri kwa aina nyingine. Megawati 60, pesa zipo, mitambo imeagizwa, na wananchi wa pale hawajakubali mambo ya ardhi, kukawa na maandamano na mwaka 2016 mradi ukafa. Halafu Kipeto huko Kajiado, mitambo 60 ya GE, megawati 100, wenye mashamba wanalipwa na jamii ina hisa yake ya asilimia 5, huo unafanya kazi tangu 2021. Hata tumbusi wana watu wao pale, wanakaa na darubini, ndege akikaribia mtambo unazimwa. Kazi kama hiyo inafanywa na watu wa hapa hapa, na nawaomba wale wa Kajiado mwache kuidharau eti ni ya kuangalia ndege.

Wenzetu wa Tanzania wametuandikia wakitaka tushirikiane. Wao wana mradi wa upepo wa Mwenga kule Mufindi, megawati 2.4, mdogo lakini unafanya kazi, na ule wa Singida wanausubiri miaka mingi sasa. Kamati haijawajibu vizuri, tutawajibu.

Mafunzo: tumekubaliana chama kilipie nusu ya cheti cha GWO kwa fundi aliyelipa ada, nusu atoe mwenyewe. Kuna waliosema chama kilipe yote, lakini tulishaona mtu akipewa bure anaondoka na cheti chake anaenda Ghuba na hatumsikii tena, sijui kama nimkasirikie ama nimpongeze.

Kwenye mkutano mkuu tutapigia kura pendekezo la kuandikisha kampuni moja ya pamoja ya kuombea tenda, maana hakuna mgeni atasaini karatasi na watu wa malori mmoja mmoja. Someni rasimu ya hiyo kampuni kabla ya kuja, imetumwa kwa grupu, na hasa kifungu cha kugawana hasara maana ndicho kitaleta vurugu. Wenye malori na kreni mje na bima halisi pamoja na cheti cha kodi cha KRA, picha za simu hatupokei safari hii.