Barua ya wazi kwa Postamasta Mkuu: shirika lichague mahali pa kusimama sokoni

Yah: Nafasi ya Shirika la Posta katika soko la vifurushi

Ndugu Postamasta Mkuu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawahusu watu wengi kuliko sisi wawili: wafanyakazi wako, wateja wako, na wale wanaoishi mwisho wa barabara, ambako kampuni binafsi hazijisumbui kufika. Nimefanya kazi ya maghala na usafirishaji kwa zaidi ya miaka ishirini, nusu yake upande wa washindani wako, na kwa muda wote huo nimeitazama posta kwa jicho la mtu anayetaka ishinde. Mpango mkakati uliouzindua unaahidi kwamba shirika litakuwa la haraka kuliko wote, litatoza bei ya chini kuliko wote, na litafika kila mahali. Naomba nieleze kwa nini ahadi hizo tatu haziwezi kubebwa na gari moja, na ni ipi kati yake ambayo hakuna mshindani anayeweza kuwanyang'anya.

Nianze na kasi, kwa kuwa ndiyo iliyopewa kurasa nyingi zaidi katika mpango wenu. FedEx ilipoanza kazi usiku wa 17 Aprili 1973, ilikuwa na ndege 14, ilihudumia miji 25 ya Marekani, na usiku ule ilibeba vifurushi 186 tu. Vilipelekwa kwanza Memphis, vikachambuliwa usiku, kisha vikarushwa kwenda vilikokusudiwa, hata pale ambapo mji wa mtumaji na mji wa mpokeaji ilikuwa karibu. Gharama ya ndege na ya kituo cha kuchambulia ililipwa vilevile, iwe vifurushi ni vichache au ni maelfu, na kampuni haikuonja faida hadi 1975. Ilivuka kipindi hicho kwa sababu kila kitu ndani yake, kuanzia ratiba za ndege hadi viwango vya malipo, kilipangwa kwa ajili ya mteja wa aina moja, yaani yule ambaye kuchelewa kwa mzigo kunamtia hasara kubwa kuliko nauli yoyote anayoweza kutozwa. DHL nayo ilizaliwa 1969 kutokana na hitaji finyu kuliko hilo: kuwahisha nyaraka za meli kwa ndege kutoka San Francisco hadi Honolulu, ili taratibu za forodha zianze kabla meli haijatia nanga. Hao ndio mnaotaka kuwashinda kwa kasi, na kila mmoja wao alichagua mteja wake kwanza, akajenga nyumba nzima kumzunguka.

Nyumba yenu ilijengwa kwa kusudi jingine. Tangu mwaka 1874, mataifa yalipokutana Bern na kuweka saini mkataba ulioyafanya yawe eneo moja la posta, kazi ya posta imekuwa kuifikia kila anwani, ya tajiri na ya maskini, iliyo kando ya barabara kuu na iliyo nyuma ya mlima. Magari yenu husimama mara nyingi na hupita njia ambazo mshindani angezifuta siku ya kwanza. Katika mbio za kasi, wajibu huo ni jiwe mgongoni, lakini katika mashindano ya kufika ndio mtaji wenyewe. Hasara huanza pale uongozi unapoukimbia wajibu huo ili ufanane na kampuni ambazo hazijawahi kuubeba.

Sasa niseme juu ya gharama, maana hapa ndipo mkakati hufa au huishi. Sehemu nzito ya gharama ya kifurushi haimo katika lori linalosafiri usiku kati ya mji na mji, kwa kuwa lori hilo hubeba maelfu kwa safari moja na mafuta yake hugawanywa kwa wote. Imo katika hatua ya mwisho, pale tarishi anaposimamisha gari, anatafuta mlango, anabisha, anasubiri na kuchukua saini. Chukulia njia ya usambazaji yenye vituo 80 kwa siku. Mshahara wa dereva, gari na mafuta havibadiliki sana iwe kila kituo kinapokea kifurushi kimoja au viwili. Kikipokea viwili, gharama ya kila kifurushi hukaribia nusu. Basi mwenye vifurushi vingi katika mtaa mmoja anaweza kushusha bei na bado apate faida, na mwenye vichache akishusha bei anakula mtaji wake. Kushusha bei kote kwa pamoja, kama mnavyokusudia, kutaleta mizigo ya kila namna katika kila njia bila kuongeza wingi mahali unapohitajika. Jambo la kufanya ni kuutafuta wingi njia kwa njia: kujua ni mitaa ipi ambako gari linapita likiwa nusu tupu, kisha kuwaendea wauzaji wanaotuma bidhaa huko na kuwapa bei maalumu ya njia hiyo.

Kuna kosa jingine katika bei zenu ambalo washindani wanalifahamu vizuri, nami nilikuwa mmoja wa waliofaidika nalo. Shirika bado linatoza kwa uzito wa mizani peke yake. Kampuni kubwa za vifurushi hupima pia ujazo: huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, hugawanya kwa 5,000, na hutoza kwa uzito wowote ulio mkubwa kati ya huo na ule wa mizani. Boksi la mito ya kulalia lenye sentimita 60 kwa 40 kwa 40 linaweza kuwa na kilo nne kwenye mizani, lakini kwa ujazo linahesabiwa kuwa kilo 19.2. Mtumaji mwenye boksi kama hilo hahitaji kufikiri sana: kwa washindani wako analipia kilo kumi na tisa na ushei, kwako analipia nne. Matokeo yake ni kwamba mizigo mikubwa na myepesi yote huelekea posta, huku mizigo midogo na mizito, inayolipa vizuri kwa kila inchi ya gari, ikibaki kwao. Tulipokuwa tukipanga bei katika kampuni moja niliyoitumikia, tulijua kabisa kwamba kila boksi la namna hiyo tuliloliacha lingeishia kwenye magari yenu, na kwamba magari hayo yangejaa kabla hayajafikia hata nusu ya uzito yanaoruhusiwa kubeba. Nalikumbuka hilo bila fahari. Kurekebisha kasoro hii hakuhitaji gari jipya wala jengo jipya. Kunahitaji kipimo cha ujazo kwenye kila kaunta na ujasiri wa kuwaeleza wateja sababu.

Nitapita haraka kwenye suala la teknolojia, kwa kuwa mpango wenu umelieleza vya kutosha. Ufuatiliaji wa mzigo kwa simu leo ni sharti la kuingia sokoni, na hautawatofautisha na mtu yeyote.

Kitakachowatofautisha ni kuuza ule ufikaji wenu hata kwa washindani. Marekani kwa miaka mingi UPS na FedEx zilikuwa na huduma ambazo ndani yake kampuni ilisafirisha kifurushi umbali mrefu, kisha ikakikabidhi kwa posta ya nchi hiyo ili ikifikishe mlangoni, kwa sababu posta ilikuwa inapita mlango huo kila siku hata hivyo. Lakini tazama pia upande wa pili wa mfano huo. FedEx ilipopata vifurushi vya kutosha mitaani, iliirudisha kazi hiyo mikononi mwake. UPS ikafanya vivyo hivyo mwanzoni mwa 2025, na kabla mwaka haujaisha ikarudi kwenye mazungumzo na posta. Ninachojifunza hapo ni kwamba mshindani atakupa kazi pale inapomgharimu kuifanya mwenyewe, na ataichukua tena siku hesabu itakapogeuka. Kwa hiyo usiwauzie kwa bei moja nchi nzima. Ukifanya hivyo, watachukua minofu ya mijini na kukuachia mifupa, na mapato yatakayoingia hayatatosha kulipia njia ndefu. Bei ya kukabidhiwa vifurushi ifuate gharama ya eneo, na mkataba uwe na kiwango cha chini cha vifurushi kwa kila njia, ili mshirika akijiondoa mijini asiweze kukutupia vijiji peke yake.

Hoja hiyo inanipeleka kwenye muuzaji mkubwa wa mtandaoni ambaye, kwa taarifa mlizozitoa wenyewe, sasa anawapa sehemu inayokua ya vifurushi vyenu vyote. Furaha yenu naielewa, lakini naomba iambatane na tahadhari. Mwaka 2019 FedEx iliamua kutoendelea na mikataba yake ya ndani ya Marekani na Amazon, kampuni iliyokuwa tayari inajijengea magari na ndege zake. Januari 2025 UPS, ambayo Amazon ndiyo iliyokuwa mteja wake mkubwa kuliko wote, ilitangaza makubaliano ya kupunguza mizigo ya mteja huyo kwa zaidi ya nusu ifikapo nusu ya pili ya 2026, kwa maelezo kwamba wingi huo haukuwa na faida ya kuridhisha. Mteja anayeweza kuwa mshindani wako anahitaji mkataba wa aina yake, na shirika linahitaji kujiwekea kikomo cha sehemu ya mapato inayoweza kutoka kwake. Kikomo hicho kiamuliwe na bodi kabla ya majadiliano ya mkataba kuanza, maana ukiwa tayari mezani, wingi wa vifurushi hupofusha.

Muda wa kuamua si mrefu. Denmark, ambako huduma ya posta ilianza 1624, ilisambaza barua ya mwisho ya posta yake tarehe 30 Desemba 2025, na kampuni husika ikabaki na vifurushi. Barua zilizokuwa zikilipia mishahara ya matarishi zinapungua kila mahali, na kila barua inayopungua inaongeza gharama ya kifurushi kilichobaki katika mkoba uleule. Shirika likitumia miaka michache iliyobaki kufukuza kasi ya wengine, litafika mwisho wake likiwa na ndege za kukodi na madeni, na wingi wa barua uliokuwa ukizilipia njia zake utakuwa umekwisha.

Kwa hiyo naomba mambo haya yaingie katika marekebisho ya mpango kabla bodi haijaupitisha. Ahadi ya kuwa wa haraka kuliko wote iondolewe, na mahali pake iwekwe siku ya kufika kwa kila njia, hata kama ni siku ya nne, pamoja na kumrejeshea mtumaji nauli yake siku hiyo ikipita. Muuza vipuri au vitabu anaweza kupanga biashara yake juu ya siku ya nne iliyo ya hakika; juu ya siku ya pili isiyotabirika hawezi. Kaunta za posta zilizopangwa kufungwa zibaki wazi kama vituo vya kupokelea vifurushi, kwa sababu mpokeaji asipokutwa nyumbani gari hulipiwa mara mbili, na washindani wako hivi sasa wanawalipa wenye maduka ili wapate kile ambacho mnataka kukifunga. Na takwimu za kufika kwa wakati zichapishwe kila mwezi, njia kwa njia, zikiwemo zile za njia mbaya.

Niko tayari kuja mbele ya kamati yako ya mipango, bila malipo, na hesabu za njia tatu nitakazochaguliwa na maofisa wako wenyewe, ili tuzipitie pamoja kituo kwa kituo.

Wako katika kazi,
Mtumishi wa zamani wa maghala na mteja wa posta hadi leo