Tope la Msimbazi lipimwe kabla halijapakiwa kwenye tipa

Ndugu Mhariri,

Hapa Kigogo mvua kubwa ikishapita, kazi ya kwanza ni kutoa tope ndani. Tunalikwangua kwa koleo, tunalimwaga nyuma ya nyumba, na mwezi haujaisha mtu kashapanda matembele juu yake. Naandika kuhusu tope hilo kwa sababu Bonde la Msimbazi linaendelezwa kwa fedha nyingi (mkopo wa Benki ya Dunia pekee, ulioidhinishwa 2022, ni dola milioni 200), na mto ukichimbwa na kupanuliwa, shehena kubwa itahama. Iende wapi, na ndani yake mna nini?

Mto ukilalamikiwa, mara nyingi anakuja mtu na chupa, anachota maji, anaondoka. Lakini maji yale ni ya leo tu. Metali kama risasi, zinki, shaba na kromi hazikai sana kwenye maji. Hung'ang'ania chembe laini za mfinyanzi, kutu ya chuma na mabaki yaliyooza, zikazama nayo pale mkondo unapopoa. Chupa inaweza kutoka salama kabisa na chini kukawa na akiba ya miaka mingi. Na tusiwasukumie wenye viwanda peke yao. Tairi zinazolika barabarani na mabati yanayochakaa hutoa zinki, breki hutoa shaba, betri zinazovunjwa vichochoroni hutoa risasi. Sisi nasi tunatapisha vyoo mvua ikianza, na uchafu ule unakuwa gundi ya metali hizo. Petroli yenye risasi iliachwa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, ila risasi haiozi. Iliyokwisha kushuka mtoni ilifukiwa tu.

Haya sikuyajulia Dar. Nimekulia Geita, karibu na kijito ambako watu waliosha mchanga wa dhahabu. Zebaki ilimwagwa kwenye karai ikakamata dhahabu, donge likachomwa kwa mkaa, na iliyoponyoka ikaenda na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, kijitoni. Jioni wachenjuaji wakiondoka maji yalitulia, nasi watoto tukaingia kuoga. Hakuna aliyetuambia kwamba kwenye tope lisilo na hewa kuna bakteria wanaoigeuza zebaki kuwa metilizebaki, sumu inayopanda kutoka kwa wadudu wa topeni hadi kwa samaki, na kwa mla samaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, jambo jema, lakini marudio yaliyotangulia kijitoni hayajui mkataba.

Tope la mgodi na tope la mji hayana tabia moja. Mwamba wenye pairiti, lile jiwe linalong'aa likadanganya wengi kuwa ni dhahabu, ukikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfa. Asidi hiyo huyeyusha metali, na mbele ya safari, asidi ikipungua nguvu, metali huganda tena chini ya mto katika rangi ya kutu. Letu la mjini ni jeusi na linanuka yai viza. Harufu hiyo ni ya salfa, na salfa hiyohiyo imezifunga metali nyingi pale chini zisisambae. Sasa lichimbwe, lianikwe juani: hewa inaingia, kifungo kinalegea, na mvua ya kwanza inaziosha metali kuelekea shambani au kisimani. Kwa hiyo kulihamisha tope si sawa na kuhamisha kifusi cha nyumba iliyobomolewa.

Ombi langu ni kwamba tope lipimwe kipande kwa kipande kabla ya kupakiwa. Zipimwe chembe laini, zilizo chini ya mikroni 63 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), maana mchanga hauna metali nyingi na ukichanganywa humo hupunguza makali ya majibu. Yalinganishwe na udongo wa juu kule Pugu, mto unakoanzia. Mradi wa ukubwa huu una ripoti zake za mazingira. Basi majibu ya eneo letu yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, pamoja na mahali tope linakopelekwa. Wakulima wa mchicha bondeni wasifukuzwe kama wahalifu, bali waambiwe kiwanja kipi hakifai. Kuosha mboga huondoa tope la kwenye jani, ila kilichonywewa na mzizi hakioshwi. Na wale vijana wanaochota mchanga wakiwa wamezama hadi kiunoni, nao wana haki ya kujua.

Jumamosi iliyopita tipa mbili zilimwaga kifusi cheusi kwenye kiwanja kinachotazamana na shule ya chekechea. Watoto wakakipanda kama mlima. Nilimuuliza dereva kimetoka wapi, akanyoosha kidole kuelekea mtoni.

Mkazi wa Kigogo,
Dar es Salaam